Mabamba Yanayoyeyuka: Jinsi Upasuaji wa Taya Ulivyojifunza Kuhesabu Muda

Mfupa wa taya ukikatwa na kusogezwa mahali papya unahitaji kushikiliwa kwa wiki sita hadi nane. Zikipita hizo, ncha mbili zimeshaungana na mfupa unajibeba wenyewe. Chochote kilichowekwa kuushika, kiwe waya, bamba au skrubu, hakina kazi tena. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya historia ya upasuaji huu, kitu hicho ama kiliachia mapema mno ama kilibaki mwilini mpaka kaburini. Mabamba yanayoyeyuka yalitokana na watu waliotafuta kitu kitakachokaa kwa muda wake kisha kiondoke chenyewe. Nguvu waliipata mapema. Muda ndio uliowasumbua, na unawasumbua hadi leo.

1849–1927: Msumeno watangulia

Upasuaji wa kurekebisha taya ulianza kabla hakujawa na njia nzuri ya kuishikilia taya iliyokatwa. Mwaka 1849 Simon Hullihen, daktari wa meno na upasuaji katika mji wa Wheeling, Virginia, alichapisha habari za mwanamke kijana aliyeungua moto utotoni. Kovu la shingo lilikuwa limeivuta taya yake ya chini kwa miaka mingi hadi ikarefuka na kupinda. Hullihen alikata kipande cha mfupa, akairudisha nyuma sehemu ya mbele ya taya, kisha akalishughulikia kovu lenyewe. Ikapita karibu nusu karne kabla ya Vilray Blair wa St. Louis kuikata taya ya chini pande zote mbili, mwaka 1897, kwa mgonjwa ambaye kidevu chake kilitokeza kupita kiasi.

Taya ya juu ilichelewa zaidi, kwa kuwa imepakana na pua, macho na mishipa mikubwa ya damu, na wengi waliogopa kuigusa. Aliyeonyesha njia hakuwa hata akitafuta tiba. René Le Fort wa Lille, Ufaransa, alikuwa akipiga vichwa vya maiti kwa namna mbalimbali ili aone uso huvunjikaje, na mwaka 1901 akaeleza kwamba nyufa hufuata mistari mitatu inayojirudia. Mwaka 1927 Mjerumani Martin Wassmund aliufuata mstari wa chini kabisa kwa makusudi, akiukata mfupa juu ya mizizi ya meno ili taya ya juu isogezwe. Mpaka sasa madaktari huuita upasuaji huo Le Fort I.

Kukata kuliwezekana, lakini kushika kulikuwa shida. Njia ya kawaida ilikuwa kuyafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyaya na kuuacha mdomo umefungwa kwa takriban wiki sita. Mgonjwa aliishi kwa uji, supu na maziwa yaliyopita kwenye mianya ya meno. Alipunguza uzito, alizungumza kwa tabu, na usiku ilibidi plaizi ya kukatia waya iwe karibu na kitanda, maana akitapika huku mdomo umefungwa anaweza kupaliwa na kufa.

Wakati huohuo, mtu mmoja alikwisha kujaribu chuma kinachopotea. Mwaka 1907 daktari Mbelgiji Albin Lambotte aliufunga mfupa wa mguu uliovunjika kwa bamba la magnesi na misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Metali hizo mbili zilipokutana katika majimaji ya mwili zikaanza kulana. Gesi ikajaa chini ya ngozi, na baada ya siku nane bamba lilikuwa limesambaratika. Mfupa ulikuwa bado unalihitaji kwa wiki nyingi. Jaribio hilo lilihusu mguu, si taya, lakini tatizo lote lililokuja baadaye lilikuwa tayari ndani yake: kitu kiliyeyuka, ila hakikuyeyuka kwa wakati wake.

1953–1970: Kutoka Graz hadi Zurich

Vita viwili vya dunia viliwajaza madaktari ujuzi wa nyuso zilizoharibika. Hugo Obwegeser, kijana wa Austria, alijifunza kwa Harold Gillies, bingwa wa Uingereza aliyejenga jina kwa kuwatibu askari waliopoteza nyuso katika vita vya kwanza. Aliporudi Graz alifanya kazi chini ya Richard Trauner, na huko mwaka 1953 akaufanya upasuaji uliobadilisha fani nzima.

Kabla yake, taya ya chini ilikatwa kwa kupasua ngozi ya shavu au ya shingo, na ncha mbili za mfupa ziligusana kwenye eneo dogo sana. Obwegeser aliingilia mdomoni, bila kuacha kovu usoni. Badala ya kuukata mfupa moja kwa moja kwa upana, aliupasua kwa urefu wake, nyuma ya magego, ukawa tabaka mbili: la nje lenye kiungo cha taya na la ndani lenye meno. Tabaka hizo huteleza moja juu ya nyingine kama kiberiti kinavyoingia na kutoka katika ganda lake. Taya inaweza kusogezwa mbele au nyuma, na bado eneo pana la mfupa hubaki limegusana na kuungana upesi. Katikati yake hupita mshipa wa fahamu unaolisha mdomo wa chini, na mpaka leo mkono wa daktari hupunguza kasi hapo, kwa sababu patasi ikipotea kidogo tu mgonjwa huamka na ganzi ya mdomo ambayo huenda isimwondokee.

Obwegeser alihamia Zurich, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akizikata taya zote mbili, ya juu na ya chini, katika operesheni moja. Lakini alipomaliza kazi hiyo nzuri, bado aliwafunga wagonjwa midomo kwa nyaya.

1966–1972: Walter Reed

Mwaka 1966 Obwegeser alialikwa Marekani kutoa mihadhara katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington. Wapasuaji wa Kimarekani waliomsikiliza waliondoka wakiwa na njia mpya, na upasuaji wa kurekebisha taya ukaanza kuenea katika nchi yao.

Mwaka huohuo, katika maabara ya jeshi iliyokuwa chini ya Walter Reed hiyohiyo, R. K. Kulkarni na wenzake walichapisha makala kuhusu polima inayotokana na asidi ya laktiki. Asidi hii ndiyo iliyomo katika maziwa yaliyochachuka, na misuli yetu huizalisha tunapokimbia. Molekuli zake zikiunganishwa katika mnyororo mrefu hupatikana plastiki ngumu. Wanakemia wa kampuni ya DuPont walikuwa wameichezea tangu miaka ya 1930, lakini kwa wenye viwanda ilikuwa na kasoro kubwa: maji huikata. Kulkarni na wenzake walikitazama kilichoitwa kasoro wakaona faida. Waliipandikiza kwa wanyama wa maabara, wakakuta mwili unaivumilia na kuivunja taratibu. Maji huingia katikati ya mnyororo na kuukata vipande vipande, hadi ibaki asidi ya laktiki, ambayo chembe hai huichoma na kuitoa kama maji na hewa ya kaboni.

Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na jeshi lilikuwa na kila sababu ya kutaka kitu kinachoshika mfupa bila kudai operesheni ya pili. Madaktari wa meno wa jeshi waliichukua polima hiyo. Mwaka 1971 Duane Cutright na Ervin Hunsuck walieleza jinsi walivyofunga taya za nyani zilizovunjika kwa nyuzi zake. Mwaka uliofuata Getter, Cutright na wenzao waliripoti kufunga taya za mbwa kwa mabamba na skrubu za polima hiyohiyo.

Hunsuck anastahili kuangaliwa mara mbili. Mwaka 1968 alikuwa amechapisha marekebisho ya upasuaji wa Obwegeser, akifupisha mpasuko wa upande wa ndani wa mfupa, na marekebisho hayo hutumika mpaka leo. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa ameshika ncha zote mbili za uzi: alijua kuikata taya kwa njia mpya, na alikuwa amekwisha kuona plastiki inayoyeyuka ikishika mfupa. Mtu angetarajia mambo hayo mawili yaungane papo hapo. Yalichukua zaidi ya miaka 20 kuungana kwa binadamu, kwa sababu katikati yake ilipita metali.

1973–1990: Titani yashika usukani

Ulaya ilikuwa na jibu la haraka zaidi. Mwaka 1973 Michelet na wenzake wa Bordeaux walieleza mabamba madogo ya metali yanayowekwa kupitia mdomoni. Maxime Champy wa Strasbourg akapima nguvu zinazopita katika taya mtu anapotafuna, akaonyesha mstari ambao bamba dogo likikaa juu yake linatosha. Huko Basel mwaka 1974 Bernd Spiessl alizikaza kwa skrubu zile tabaka mbili za mfupa za Obwegeser. Wagonjwa wakaanza kuamka kutoka dawa ya usingizi wakiwa wanaweza kufungua mdomo. Aliyewahi kumwona ndugu yake akinywa uji kwa mrija kwa wiki sita anajua hilo lilikuwa badiliko kubwa kiasi gani.

Metali iliyoshinda ni titani. Ni nyepesi, haishiki kutu, na mwili huivumilia kuliko karibu metali nyingine yoyote. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa amegundua kwamba mfupa huigandamia kabisa, na mwaka 1965 akaanza kupandikiza meno juu ya vijiti vyake. Kufikia miaka ya 1980 bamba la titani lilikuwa limekuwa jambo la kawaida.

Lakini titani haiondoki. Wengi hawaisikii maisha yao yote. Wengine huigusa kwa kidole chini ya ngozi nyembamba ya uso, au huhisi baridi ikiwachoma kupitia kwake. Wengine skrubu hulegea au usaha hutunga, na bamba likalazimika kutolewa kwa operesheni nyingine. Metali pia huweka kivuli katika baadhi ya picha za kichwa. Kwa watoto wadogo wanaofanyiwa upasuaji wa fuvu shida ilikuwa kubwa zaidi: fuvu hukua kwa kuongeza mfupa nje na kuupunguza ndani, hivyo bamba lililofungwa juu ya mfupa lilionekana baada ya muda likiwa ndani yake, upande wa ubongo. Matatizo kama hayo ndiyo yaliyoisukuma upya polima ya Walter Reed.

1984–1995: Helsinki na Groningen

Wa kwanza kuwafikia wagonjwa kwa wingi walikuwa Wafini. Pertti Törmälä, mhandisi wa Tampere, alibuni njia ya kuiimarisha polima kwa nyuzinyuzi za polima hiyohiyo, na mwaka 1984 Pentti Rokkanen wa Helsinki akaanza kufunga vifundo vya miguu vilivyovunjika kwa vijiti vyake. Vya mwanzo vilitengenezwa kwa asidi ya glikoliki, inayoyeyuka upesi. Mifupa iliunga, lakini baadhi ya wagonjwa walirudi baada ya wiki kadhaa wakiwa na uvimbe unaotoa majimaji yasiyo na vijidudu. Polima ilikuwa ikivunjika kwa kasi kuliko mwili ulivyoweza kuusafisha uchafu wake.

Basi, watu wakasema, tuchukue ile inayoyeyuka polepole. Huko Groningen, Uholanzi, Rudolf Bos, Fred Rozema na wenzao walifunga mifupa ya mashavu iliyovunjika ya wagonjwa kumi kwa mabamba na skrubu za asidi ya laktiki ya umbo moja tu, lile linaloitwa L. Ripoti yao ya mwaka 1987 ilikuwa ya kutia moyo: mifupa iliunga vizuri, na hakuna aliyelalamika.

Ikapita miaka mitatu tangu operesheni. Wagonjwa wanne wakarudi wenyewe hospitalini, shavu limevimba palepale lilipowekwa bamba, uvimbe unaokuja na kuondoka. Madaktari hawakungoja wengine waje, waliwaita wote. Walipofungua, walikuta bamba halipo tena kama bamba, ila vipande vyake vingi vidogo vimezungukwa na tishu iliyokuwa ikijaribu kuvimeza. Katika tishu iliyotolewa kufikia miaka 5.7 baada ya operesheni, chini ya darubini bado zilionekana fuwele ndogo ndani ya chembe hai.

Sababu yake ilieleweka. Molekuli za umbo moja hujipanga kwa utaratibu mkali na kufanya fuwele. Maji huingia kwa urahisi sehemu zisizo na mpangilio na kuzila, kisha fuwele hubaki na hukaidi. Bamba lilipoteza nguvu yake mapema lakini mabaki yake yakaishi miaka. Jarrit Bergsma na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1993 na 1995, na ninayahesabu kuwa kurasa muhimu kuliko zote katika historia hii. Madaktari hao walikuwa wameshasifiwa kwa ripoti ya kwanza. Wangeweza kunyamaza, maana wagonjwa walikuwa kumi tu na uvimbe haukuwa wa kuua. Waliieleza dunia nzima kwamba miezi ya mwanzo haitoshi kuhukumu kitu kinachokusudiwa kuyeyuka, na kwamba mgonjwa lazima afuatiliwe mpaka kiishe kweli.

1994–2004: Mchanganyiko

Baada ya Groningen kazi ikawa kuvuruga fuwele. Ukichanganya umbo la L na pacha wake wa D, au ukiongeza asidi ya glikoliki kidogo, minyororo hushindwa kujipanga na maji hupita kila mahali. Mchanganyiko uliopata umaarufu Marekani ni LactoSorb, wenye asilimia 82 ya laktiki na 18 ya glikoliki, ulioruhusiwa mwaka 1996 kwa mifupa ya kichwa na uso. Unashika kwa wiki ambazo mfupa unahitaji, na kutoweka kwa takriban mwaka mmoja. Wapasuaji wa mafuvu ya watoto waliupokea kwa mikono miwili.

Taya ilikuwa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa fuvu halitafuni. Riitta Suuronen wa Finland aliujaribu upasuaji wa Obwegeser kwa kondoo, akizikaza tabaka za mfupa kwa skrubu za polima iliyoimarishwa, na mwaka 1994 yeye na wenzake wakatoa ripoti ya awali ya wagonjwa. Mwaka 1998 Haers na Sailer walieleza matokeo yao ya kuzikata taya zote mbili na kuzifunga kwa mabamba ya L na D, na walifanya hivyo Zurich, idara ileile ya Obwegeser. Mwaka huo Edwards na Kiely wa Marekani nao walieleza Le Fort I iliyofungwa kwa mabamba yanayoyeyuka. Ferretti na Reyneke wa Johannesburg walilinganisha skrubu za polima na za titani katika taya ya chini, na mwaka 2002 wakaripoti kwamba uthabiti wake haukupishana sana. Hong Kong ikafuata mwaka 2004 kwa jaribio la wagonjwa 60 waliopangwa kwa kura, nalo halikuona tofauti kubwa ya matatizo kati ya pande mbili.

Kwenye meza ya upasuaji, hata hivyo, tofauti ilionekana waziwazi. Bamba la titani daktari hulikunja kwa koleo, akaliweka, na skrubu yake hujichongea njia ndani ya mfupa. Mara nyingi bamba la polima ukilikunja baridi linavunjika. Hulazimika kutumbukizwa katika maji ya moto ya kama nyuzi 55 au zaidi, likalainika, likabonyezwa juu ya mfupa kwa sekunde chache kabla halijakakamaa tena. Tundu likishatobolewa kwa keekee, huchongwa hesi kwa kifaa cha pekee, ndipo skrubu iingizwe kwa mkono mwepesi, maana ukiikaza kidogo kupita kiasi kichwa chake hukatika. Yote hayo yanafanyika ndani ya mdomo, kwenye damu na mate, huku msaidizi akilivuta shavu.

2006–2012: Wagroningen wajihukumu tena

Thomas Turvey na wenzake wa Chapel Hill, North Carolina, walitoa mwaka 2011 hesabu ya miaka kumi: operesheni 761 kwa wagonjwa 745, na mafanikio ya asilimia 94. Kwa mikono iliyozoea, jambo linawezekana.

Swali lilikuwa mikono mingine. Mwaka 2012 Uholanzi ilitoa matokeo ya jaribio kubwa la hospitali nne na wagonjwa 230, wengine wakiwa wamevunjika taya na wengine wakirekebishwa taya. Miongoni mwa waandishi walikuwamo tena Bos na Bergsma. Wagonjwa 117 walipangiwa mabamba yanayoyeyuka, na kwa 25 kati yao, yaani asilimia 21, daktari aliyaacha katikati ya operesheni na kuchukua titani, kwa kuwa hayakushika vya kutosha au skrubu hazikukubali. Hitimisho lao lilikuwa kwamba titani ibaki chaguo la kwanza. Kwa mara ya pili watu waliokuwa na kila sababu ya kukitetea kitu chao walikipima kwa haki, na naamini fani hii imewaamini Wagroningen kwa sababu hiyo.

Utafutaji haukukoma. Wajapani walichanganya polima na chembe za haidroksiapatiti, madini ya mfupa wenyewe, wakapata bamba linaloonekana kwenye eksirei na ambalo mfupa hulishika. Wajerumani walibuni vijiti vinavyoyeyushwa ndani ya tundu kwa mawimbi ya sauti, vikajaza mianya ya mfupa pasipo kuchonga hesi. Magnesi ya Lambotte nayo imerudi: mwaka 2013 skrubu ya aloi yake iliyotengenezwa Hannover iliruhusiwa Ulaya kwa mifupa midogo, ikipotea polepole badala ya kwa siku nane.

Hospitali zetu

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki taya iliyovunjika, mara nyingi kwa ajali ya bodaboda, ingali ikifungwa kwa nyaya kama zama za Wassmund, na bamba la titani hupatikana kwa anayeweza kulilipia. Upasuaji wa kurekebisha taya hufanywa kwa wachache, hasa katika miji mikubwa. Hoja kuu ya bamba linaloyeyuka, kwamba halidai operesheni ya pili, ingemfaa hasa mgonjwa wa Kigoma au Turkana, ambaye kurudi mjini kutolewa chuma ni kukopa nauli na kuacha shamba. Kinachomzuia si bei pekee. Seti ya titani hukaa kwenye trei, hutakaswa kwa mvuke katika otoklevu baada ya kila operesheni, na bamba lisilotumika leo hutumika wiki ijayo. Polima ikiingia otoklevu huharibika. Huja imefungwa moja moja, imesafishwa kiwandani kwa gesi au mionzi, ikiwa na tarehe ya mwisho ya matumizi, na lazima ikingwe na joto na unyevu tangu bandarini hadi stoo ya hospitali, kwa kuwa unyevu ndio unaoiyeyusha. Pakiti ikifunguliwa na bamba lisipomfaa mgonjwa, bamba hilo hutupwa, na linalofuata lazima liwe tayari limenunuliwa.